Nani analipia macho ya mkulima wa Kabanga?

(Maoni ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Wiki hii, ndugu msomaji, tuzungumzie macho na fedha. Tuchukue mfano wa watu wawili wa Kabanga, wilayani Ngara, karibu na mpaka wa Burundi. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, mwingine analima migomba na kahawa. Wote wamefikisha miaka 50, na herufi zimeanza kuwakimbia. Mwalimu anashindwa kusahihisha daftari jioni. Mkulima anashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na fedha za kahawa zikiingia kwenye simu inabidi amwite mjukuu amsomee.

Tatizo hili si la wachache. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa kati ya watu wenye miaka 40 na kuendelea, karibu 6 katika kila 10 walikuwa hawaoni vizuri vitu vya karibu. Dawa yake ni miwani tu. Mwalimu anayo kadi ya bima ya afya, mkulima hana. Je, tofauti hiyo ilianzia wapi?

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilichukua jukumu la kumtibu mwananchi bila malipo. Mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali binafsi za biashara. Hospitali za madhehebu ya dini zikaendelea, na huko Ngara kulikuwa na Murgwanza ya Kanisa la Anglikana na Rulenge ya Wakatoliki. Baadhi ya hospitali za aina hiyo, Murgwanza ikiwamo, zilifanywa hospitali teule za wilaya, yaani serikali inasaidia mishahara na ruzuku, kanisa linaendesha.

Ulikuwa uamuzi wa utu, na hakuna haja ya kuubeza. Lakini tiba ya jicho inataka mtaalamu, na wataalamu walikuwa wa kuhesabika. Hospitali kubwa za rufaa za KCMC Moshi na Bugando Mwanza zilifunguliwa mwaka 1971. Kwa mtu wa Ngara, kwenda Bugando ilikuwa safari ndefu ya barabara na kivuko. Matibabu yalikuwa bure, nauli haikuwa bure. Bibi kizee mwenye mtoto wa jicho alibaki nyumbani akiongozwa kwa fimbo na mjukuu, na mjukuu huyo shule ikampita.

Hata aliyefanikiwa kupasuliwa, aghalabu alirudi na miwani mizito, kwa sababu lenzi ya kupandikiza ndani ya jicho ilikuwa ghali. Lenzi hiyo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza na Harold Ridley mjini London mwaka 1949, lakini ilichukua zaidi ya miaka 40 kufika kwa maskini. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab kilianza kuzitengeneza huko Madurai, India, na bei ikashuka kutoka zaidi ya dola 100 hadi dola 10, na baadaye chini ya hapo.

Jambo jingine la miaka ile lisisahauliwe. Miaka ya 1980 madaktari wa hospitali ya Mvumi, Dodoma, walionyesha kuwa watoto wengi walikuwa wakipofuka kwa surua na kwa upungufu wa vitamini A. Kilichowaokoa watoto waliofuata ni chanjo na matone ya vitamini, vilivyotolewa kwa wote bila kuuliza nani ana kadi. Vikope navyo hupigwa vita kwa maji safi, kunawa uso na dawa ya kugawa kijiji kizima. Bima humlipia mgonjwa mmoja mmoja aliyefika dirishani. Haichimbi kisima. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hiyo itabaki kazi ya serikali hata siku kila Mtanzania atakapokuwa na kadi.

Uchumi ulipoyumba, mambo yakabadilika. Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama, ukianzia hospitali kubwa. Mwaka uliofuata Ngara ikapata mtihani wake: mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji. Wageni walileta mzigo mzito, lakini mashirika yaliyowafuata yalileta pia zahanati na madaktari, na wenyeji wa jirani nao wakatibiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tiba ya msaada huondoka na mfadhili, na kambi zilipofungwa, wahenga hawakuwa na methali ya kutuachia daktari.

Bima ilikuja kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, ambako kaya ilichangia shilingi 5,000 kwa mwaka. Huo ulikuwa mlango wa mkulima, lakini ulimfikisha zahanati na kituo cha afya, mahali ambapo daktari wa macho hayupo. Mlango wa pili ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa umma alikatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akaongeza asilimia 3. Huu ulifika hadi hospitali za rufaa, na hadi kwenye miwani.

Hapo ndipo utoaji wa huduma za macho ulipobadilika. Mwenye kliniki au duka la miwani anajua kuwa mwenye kadi ni mteja wa uhakika: humhudumia, hupeleka madai, hulipwa. Kwa hiyo duka hufuata kadi, kadi hufuata mshahara, na mshahara uko mjini. Kabanga mwalimu na ofisa forodha wanaweza kupanda basi kuifuata huduma. Mkulima hununua miwani mnadani kwa kujaribu moja baada ya nyingine, bila kupimwa. Presha ya macho, inayoua jicho kimyakimya bila maumivu, haiwezi kugunduliwa na muuza miwani wa mnadani.

Wapo watakaosema: mbona wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha? Ni kweli, msamaha upo. Lakini msamaha haumlipi anayetibu. Hospitali inayompasua mzee bure inabeba yenyewe gharama ya lenzi, dawa na nyuzi, na hospitali ya namna hiyo haina sababu ya kiuchumi ya kuwatafuta wazee zaidi. Bima humgeuza mzee yule yule kutoka mzigo kuwa mteja.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023 kwa ajili ya Tanzania Bara. Kabla ya kushangilia, tutazame waliotutangulia. Uingereza ilianza huduma ya afya kwa wote Julai 1948, miwani ikiwamo bila malipo. Watu walifurika kwa mamilioni, kwa sababu walikuwa wamekaa miaka wakisoma kwa miwani ya sokoni. Gharama ikapita makadirio. Mwaka 1951 serikali ikaamua watu wachangie miwani na meno ya bandia, na Aneurin Bevan, mwasisi wa huduma hiyo, akajiuzulu uwaziri kwa kupinga. Tujifunze kuwa uhitaji uliolala miaka mingi huamka siku moja, na bajeti ikibana miwani huwa ya kwanza kukatwa, eti haimwui mtu.

Somo la pili ni la nyumbani. Machi 2024 Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali kadhaa binafsi zilisimamisha kwa muda kuwahudumia wenye kadi, zikisema bei hazilipi. Kadi bila mtu wa kuipokea ni karatasi. Bei ya upasuaji wa mtoto wa jicho ikiwekwa chini mno, hakuna atakayepeleka darubini yake Ngara au Biharamulo. Ikiwekwa juu mno, mfuko utakauka.

Maoni yetu ni haya. Miwani ya kusomea na upasuaji wa mtoto wa jicho viwemo katika kitita cha msingi, si katika cha ziada. Malipo yazingatie umbali, ili mtaalamu anayezungukia wilaya za pembezoni asipate hasara kwa kwenda huko. Michango ya wasio na uwezo ilipwe kwa wakati, kwani wao ndio wenye macho mabovu zaidi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limempunguzia mtu wa Ngara safari ya Bugando. Ni jambo jema, lakini mzee asiyeona hahitaji kusafiri haraka zaidi. Anahitaji daktari aliye karibu na anayelipwa.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.