Alama mpya na mafunzo kazini: Mabadiliko katika vyuo vya kiufundi

KWA miaka mingi, mwanafunzi wa chuo cha kiufundi mjini Kitale au Bungoma alipimwa kwa mtihani wa mwisho ulioandaliwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC. Alama zilianzia 1 hadi 8. Aliyepata 1 au 2 alihesabiwa kuwa amefaulu kwa ubora wa juu, 3 na 4 kufaulu vizuri, 5 na 6 kufaulu kwa kiwango cha kawaida. Mwenye 7 alitakiwa kurudia, na 8 ilimaanisha ameanguka.

Utaratibu huo umekuwa ukiondolewa hatua kwa hatua. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013 iliunda baraza jingine, CDACC, na kulipa jukumu la kuandaa mitaala, kutathmini wanafunzi na kutoa vyeti. Chini ya mfumo huu wa umilisi, swali si mwanafunzi anakumbuka nini bali anaweza kufanya nini. Hupimwa katika kila kitengo cha somo kwa kazi ya mikono, maswali ya ana kwa ana na maandishi, na hukusanya jalada la ushahidi wa kazi alizozifanya. Anayepata alama 80 na zaidi hutajwa kuwa na umahiri kamili, 65 hadi 79 ni stadi, 50 hadi 64 anaiweza kazi, na aliye chini ya 50 huandikiwa kuwa bado hajaiweza.

Neno hilo "bado" lina uzito wake. Mwanafunzi aliyekwama katika kitengo kimoja haambiwi ameanguka kozi nzima. Hurudia kitengo hicho pekee. Kwa mzazi aliyeuza mahindi ili kulipa karo, hiyo ni nafuu kubwa.

Vyeti navyo hupangwa kwa ngazi. Diploma ni ngazi ya 6, cheti cha ufundi ngazi ya 5 na cheti cha fundi stadi ngazi ya 4. Tatizo ni kwamba waajiri wengi bado wanatafuta maneno ya zamani kwenye cheti, na vyuo vikuu vilizoea kudai diploma ya kiwango cha kufaulu vizuri kabla ya kumpokea mwanafunzi wa shahada. Anayenuia kuendelea na masomo anashauriwa kuuliza mapema jinsi alama zake zitakavyofasiriwa.

Lakini mzigo mzito zaidi uko kwenye mafunzo kazini. Zamani mwanafunzi alikwenda nyanjani kwa takriban miezi mitatu, mkufunzi akamtembelea, msimamizi akatia sahihi kitabu cha kumbukumbu, basi. Sasa kazi anayoifanya huko ni sehemu ya ushahidi wa kumpimia. Isitoshe, serikali inahimiza mafunzo pacha, ambapo nusu ya muda wa masomo inakusudiwa kuwa kazini.

Je, kazini wapi? Kitale ina Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1956, pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo. Nafasi hizo ni chache zikilinganishwa na wanafunzi wa chuo cha ufundi cha mji huo, kilichopandishwa hadhi kuwa cha kitaifa mwaka 2016. Upande wa Bungoma hali ni ngumu zaidi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichokuwa tegemeo la mafundi wa umeme na mitambo, kilifungwa mwaka 2009 na kuuzwa mwaka 2016. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilisumbuliwa na madeni kwa miaka mingi hadi kikakodishwa kwa mwekezaji wa kibinafsi mwaka 2025. Wanafunzi wa Sang'alo, Kisiwa na Matili hugombea milango hiyo hiyo.

Wanaokosa huelekea kwa mafundi wa jua kali, na hapo ujuzi haukosekani. Fundi wa gereji aliyefungua injini kwa miaka ishirini anaweza kumfundisha mwanagenzi mambo ambayo karakana ya chuo haina. Kinachokosekana ni karatasi: fundi huyo huenda hana cheti cha kumwezesha kutambuliwa kama msimamizi. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, iliyozinduliwa mwaka 2024, inaweza kuziba pengo hilo iwapo mafundi wa mashinani watafikiwa na gharama ya kutathminiwa isiwe kubwa mno.

Kuna pia suala la fedha. Waajiri hutozwa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, fedha zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo pia husaidia kuwatafutia wanafunzi nafasi. Hata hivyo, nauli, chakula na kodi ya chumba karibu na kiwanda kwa kawaida hubaki mikononi mwa mzazi. Mwanafunzi kutoka Mlima Elgon anayepata nafasi Eldoret au Nairobi hulazimika kuhesabu gharama hizo kabla ya kuikubali.

Kabla ya kuripoti, mwanafunzi ahakikishe ana barua ya chuo, kitabu cha kumbukumbu na bima ya ajali, kwani viwanda vingi havimruhusu kugusa mtambo bila bima. Aidha, aombe orodha ya kazi zinazopaswa kuonekana kwenye jalada lake na amkabidhi msimamizi siku ya kwanza, asije akamaliza muhula mzima akipanga faili ofisini ilhali kitengo chake ni cha uchomeleaji.