Bangi na skizofrenia jijini Dar es Salaam

Uvutaji wa bangi umehusishwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, ashikilie imani zisizo na msingi na ajitenge na wenzake. Ugonjwa huu humpata takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani. Kwenye vijiwe vya Kinondoni na Temeke bangi huitwa pia ndumu, msuba au jani. Arumeru na Tarime ni miongoni mwa sehemu inakolimwa.

Utafiti

Chanzo kikuu kwa jiji la Dar es Salaam ni utafiti wa Rachel Jenkins, Joseph Mbatia na wenzao, uliochapishwa mwaka 2010. Walihojiwa watu 899 wa umri wa miaka 15 hadi 59, waliochaguliwa kwa nasibu. Asilimia 3.9 walieleza kupata angalau dalili moja ya saikosisi, yaani hali ya kupoteza uhusiano na uhalisia, ndani ya mwaka uliotangulia. Dalili zilizidi kwa waliovuta bangi mwaka huo, lakini zilizidi pia kwa waliokumbwa na misukosuko miwili au zaidi ya maisha, na kwa wenye sonona au wasiwasi. Kilichopimwa ni dalili, si skizofrenia yenyewe, na kwa kuwa watu walihojiwa mara moja tu haikujulikana kipi kilitangulia, msokoto au maradhi. Mtaani hukumu hutoka mapema: kijana akionekana anaongea peke yake, basi bangi zimempanda kichwani, hata kama hajawahi kuzigusa.

Ushahidi mzito zaidi umetoka Ulaya. Nchini Uswidi vijana 45,570 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970 walifuatiliwa kwa miaka 15. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walikuwa na uwezekano wa kupata skizofrenia mara sita ya wasiovuta, ingawa tofauti hiyo ilipungua sana mambo mengine yalipohesabiwa. Mwaka 2019 Marta Di Forti na wenzake walionyesha kwamba wanaovuta kila siku wana uwezekano wa saikosisi mara tatu ya wasiovuta, na wanaovuta kila siku bangi kali, aina ya skanka, karibu mara tano.

Tiba

Wagonjwa hutibiwa katika hospitali za Muhimbili, Mwananyamala na Temeke, na wengine hupelekwa hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Baadhi ya familia huanzia kwa mganga au kwenye maombezi. Dawa za kawaida ni haloperidoli, klopromazini na sindano ya flufenazini. Metadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya watumiaji wa heroini na haimsaidii mvuta bangi.

Sheria

Bangi ni haramu. Udhibiti unasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, chini ya sheria ya 2015.