Mahali pa Kujenga Nyumba Katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Zamani, mgeni aliyepanda milima ya Mbulu kwenda Kainam aliweza kupita karibu na nyumba asiitambue. Wairaqw walichimba ubavu wa kilima, wakajenga humo nyumba ya dari bapa ya udongo iliyolingana na mteremko, ili wavamizi wa Kimasai wasiione kwa mbali. Kila nyumba ilikaa peke yake, na shamba lake lilikuwa hapo hapo mlangoni. Sababu yake ni samadi: ng'ombe walilala nyumbani, na samadi ni mzigo mzito, haibebwi mbali.

Wala watu hawakuhamia nchi mpya ovyo. Wazee, pamoja na msemaji wao aliyeitwa kahamusmo, walishauriana, na mganga alitazamia mipaka. Kwa njia hiyo Wairaqw walienea kutoka Kainam hata wakafika Karatu na Hanang. Huko Hanang waliwakuta Wabarbaig, watu wa jamii ya Wadatoga, ambao kwao swali la mahali pa nyumba lilijibiwa na mifugo: malisho yalibadilishwa kwa majira, na yaliyo bora kuliko yote, yaitwayo muhajega, yalikuwa uwanda wa Basotu.

Tunayakumbuka haya ili tupime vema yaliyofuata. Katika andiko lake la mwaka 1967, Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu wavutwe kwa hiari. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo iwe imekamilika mwishoni mwa mwaka 1976. Mbulu na Hanang, ambazo wakati huo zilikuwa wilaya za Mkoa wa Arusha, hazikuachwa. Shabaha ilikuwa njema, kwani shule, zahanati na bomba la maji haviwezi kufuata kila nyumba kilimani. Lakini aliyechagua mahali kwa haraka alitazama barabara kwanza. Mkulima aliyepewa kiwanja mbali na shamba lake alibaki na samadi upande mmja na mahindi upande mwingine.

Huko Basotu jambo lilikuwa zito zaidi. Kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, lilifungua mashamba saba ya ngano, yapata ekari 100,000, katika malisho yale yale ya muhajega. Hata makaburi ya wazee waheshimiwa wa Kibarbaig yalilimwa kwa trekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda katika Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, ikisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Mwanafunzi na asome kesi hii kwa makini: watu waliambiwa waishi katika kijiji, kisha ikaonekana kwamba kuwa kijiji peke yake hakukuwapa ardhi.

Swali likarudi kwa namna nyingine tarehe 3 Desemba 2023, wakati Mbulu na Hanang zimekwisha kuwa sehemu ya Mkoa wa Manyara, uliozaliwa mwaka 2002. Mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang. Katesh, mji uliokua chini ya mlima kwa kuwa hapo pana maji, soko na barabara, ulifunikwa pamoja na vijiji jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki.

Safari hii ilibidi kutazama mlima kabla ya barabara. Serikali na washiriki wake, miongoni mwao Chama cha Msalaba Mwekundu, walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waathirika huko Waret. Msomaji wa historia atalitambua jina hilo: Waret lilikuwa pia jina la mojawapo ya yale mashamba saba ya ngano.