Waliozoeshwa Joto la Wenela

Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kiharusi cha joto kilipata nguvu zake kutoka kwenye maji. Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji walikuwa wakifa kwa silikosisi, ugonjwa wa vumbi la mawe linaloacha makovu mapafuni. Ikaamriwa mwamba ulowanishwe wakati wa kutoboa. Vumbi likapungua, na hilo lilikuwa jambo jema kabisa. Lakini hewa ya kule chini ikajaa unyevu, na jasho la watu likakosa pa kwenda. Jasho halipozi mwili kwa kutoka tu, hupoza kwa kukauka. Hewa ikishashiba maji, jasho huchuruzika hadi miguuni bila kumsaidia mwenye nalo. Mwaka 1924, katika mgodi wa City Deep mjini Johannesburg, vikaandikwa vifo vya kwanza vya kiharusi cha joto katika migodi ile.

Mimi ni afisa usalama katika mgodi wa chini ya ardhi hapa Tanzania. Kila zamu napima hewa kwa vipimajoto viwili, kimoja kikavu, kingine kimevikwa kitambaa kinacholowa muda wote, na hicho kilicholowa ndicho ninachokiamini zaidi. Habari za City Deep nilizisoma chuoni, ila za mabeleshi ya kuchotea mawe migodini nilikuwa nimeshazisikia nyumbani. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Rungwe, kwenye mvua na migomba na baridi ya asubuhi, na katika miaka ya 1950 alikwenda Wenela. Hivyo ndivyo walivyoliita shirika la WNLA, lililoandikisha vibarua kwa ajili ya migodi ya Rand, yaani Witwatersrand. Tangu 1913 watu wa kaskazini ya latitudo 22 walikuwa wamezuiwa kuandikishwa, kwa sababu nimonia iliwaua mno. Zuio lilipoondolewa katika miaka ya 1930, njia ya Joni, yaani Johannesburg, ikafunguka hata kwa vijana wa kwetu.

Wakati huo daktari mmoja wa City Deep, A. O. Dreosti, alikuwa ameanza kuwapima watu kwa joto. Aliwaweka wageni katika chumba chenye joto na unyevu mwingi, wakachota mawe kwa beleshi kutoka lundo moja hadi jingine kwa saa nzima, kisha wakapimwa joto la mwili. Ambaye joto la mwili wake lilipanda kidogo alihesabiwa kuwa mvumilivu. Ambaye lilipanda sana alihitaji kuzoeshwa taratibu zaidi, au kupelekwa kwenye kazi yenye ubaridi. Baadaye C. H. Wyndham na wenzake katika maabara ya Chemba ya Migodi, umoja wa wenye migodi, waliipanga kazi hiyo kwa hatua: siku za kwanza sehemu yenye joto la wastani na mzigo mdogo, kisha sehemu ya moto zaidi na mzigo mkubwa zaidi, kwa muda wa karibu wiki mbili. Katika miaka ya 1960 mafunzo hayo yalihamishiwa juu ya ardhi, kwenye vyumba vya mvuke ambamo watu walipanda na kushuka vidato kwa mapigo ya kuhesabiwa.

Babu hakuviona vyumba hivyo. Yeye alizoeshwa kulekule chini. Alisimulia kwamba mnyapara aliwahesabia mabeleshi, na kwamba anayezidisha alikaripiwa sawa na anayepunguza. Jambo hilo lilimshangaza maisha yake yote: mzungu alimlipa ili achote, kisha akamkataza kuchota. Wakipumzishwa, walitiwa kipimajoto mdomoni. Jirani yake wa kitanda, kijana mwenye mabega mapana kuliko wote, alipimwa akaambiwa arudi juu. Akalia usiku kucha kwa aibu, akidhani amekosa uanaume.

Kila nikilikumbuka hilo napata uchungu. Yule kijana hakukosa chochote. Mwili usiozoea huchelewa kutoa jasho, moyo hukimbia, joto hupanda. Ukizoea, jasho huanza mapema na kutoka kwa wingi, chumvi yake hupungua, moyo hutulia. Ni mabadiliko ya damu na tezi, na ujasiri hauna nafasi hapo. Kulikuwa pia na imani kwamba Mwafrika amezaliwa na kinga ya jua. Kama ingekuwa kweli, migodi isingehitaji kutumia siku zote hizo kumzoesha.

Tusidanganyane, hata hivyo, kuhusu nia ya mapumziko yale. Mwamba ulio kilomita tatu chini ya ardhi pale Rand hukaribia nyuzi 50 za Selsiasi, na migodi ilitaka dhahabu ya huko. Kazi ya beleshi ilikuwa ya Waafrika, na wao ndio waliozoeshwa. Pumziko lilipimwa kwa tani za mawe, na aliyepumzishwa hakuwa na sauti ya kusema amechoka. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, serikali ilisimamisha uandikishaji wa Wenela, na ilifanya vema.

Ila maarifa yalitoka kwenye miili ya watu wale, na ninayaona kuwa mali yao. Mojawapo lilikuwa hili: mazoea ya joto hayadumu. Mchimbaji akienda nyumbani wiki kadhaa, anarudi karibu kama mgeni, na lazima aanze tena kidogokidogo.

Marekani nako, miaka ya 1950, vijana wa kikosi cha Marine walikuwa wakizimia kwa joto mazoezini katika kambi ya Parris Island. Watafiti Yaglou na Minard wakatoa mwaka 1957 kipimo kinachounganisha joto la hewa, unyevu na mnururisho wa jua, na asilimia 70 ya uzito wake ni kile kipimajoto kilicholowa. Kipimo hichohicho kimeingia katika amri ya Qatar ya 2021: kikizidi nyuzi 32.1, kazi isimame, na kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba hakuna kazi ya juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Vijana wetu wanaojenga huko wanalindwa na amri hiyo, pale inapofuatwa.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi pumziko la saa moja anapofanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Saa hiyo ni ileile kwa karani aliye chini ya feni na kwa mtu wa beleshi. Kwangu haitoshi. Anayerudi kutoka likizo nampa nusu ya kazi siku ya kwanza, asilimia 60 siku ya pili, 80 siku ya tatu, na siku ya nne ndipo anarudi kwenye zamu kamili. Wasimamizi hulalamika kwamba nawapotezea siku tatu. Nataka utaratibu huo uandikwe kwenye kanuni, kwa ajili ya wavunaji wa miwa na wachoma matofali pia, usitegemee afisa aliyeko zamu.