Miswada ya Lamu na ngoma ya gungu

Mtafiti wa fasihi anayeshika muswada wa kale wa Kiswahili hukabiliwa na tatizo moja kubwa: karatasi haimwambii kila kitu. Hati za Kiarabu zilizotumika pwani zilikuwa na alama tatu tu za irabu, hivyo i na e ziliandikwa namna moja, kadhalika u na o. Mwandishi alimwandikia mtu aliyekwisha kuusikia utenzi ukiimbwa. Wasikilizaji wa Mutaho, Gitega na Muyinga waliowahi kuhudhuria maulidi wanalifahamu jambo hili: kitabu kiko mkononi, lakini mahadhi hayamo kitabuni.

Mfano ulio wazi ni Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mshairi, mchonga mbao, mpiga ala na mcheza ngoma. Aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya, wakiwemo Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na ndiyo sababu maandishi yake mengi leo yamo katika maktaba za London na Ujerumani.

Mwaka 1913 aliandika Utenzi wa Fumo Liyongo. Humo michezo ndiyo inayoendesha kisa. Kwanza kuna kikoa, mlo wa zamu: kila mmoja hupanda mkoma na kuwaangulia wenzake makoma. Waliokula njama wanangoja Liyongo apande ili wampige mishale. Yeye anayaangua kwa mishale yake akiwa chini. Baadaye, akiwa gerezani akingojea kuuawa, mama yake anamletea tupa ndani ya mkate. Liyongo anaomba lichezwe gungu. Pembe, matoazi na upatu vinarindima, naye anakata minyororo pasipo mlinzi kusikia.

Asiyejua gungu atadhani ni kelele tu. Kumbe lilikuwa pia mashindano ya maneno: mshairi hutoa fumbo kwa wimbo, na mwenzake hutakiwa kulifumbua kwa wimbo vilevile. Liyongo mwenyewe anasimuliwa kuwa bingwa wa tungo hizo.

Kwa hiyo kitabu cha nyimbo zinazonasibishwa naye, kilichotoka Ujerumani mwaka 2004, kiliandaliwa na kundi lililomchanganya Gudrun Miehe na washairi na wataalamu wa pwani, akiwemo Sheikh Ahmed Nabhany. Huo, kwa maoni yetu, ndio utaratibu unaofaa. Mwaka 2010 Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kingine, cha maandishi ya Kijumwa yaliyohifadhiwa na Dammann.

Nabhany alifariki mwaka 2017. Miswada mingi imekwisha kupigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, ila wanaojua namna ilivyoimbwa wanapungua. Mwenye daftari la kasida la mzee wake, hata huku bara, afanye haraka kuirekodi kwa simu sauti ya mzee huyo akilisoma.