Picha za Feri na Majina Yanayopotea

Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipounganisha Miritini na Kibundani mwaka 2024, abiria wa Kombani, Kwale, anaweza kufika Nairobi bila kuiona feri ya Likoni. Watu wameshangilia, na wana haki. Foleni ile haina mtu wa kuililia. Ila picha nyingi zilizotundikwa kwenye kuta za Kwale zilipigwa pale ferini, na kisa chake hakisimuliwi sana.

Picha za Pwani zina historia ndefu. A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja karne ya 19, William Young akapiga ujenzi wa reli ya Uganda, na Mombasa mjini Narandas Parekh akajijengea jina kwa picha zake za studio. Wapiga picha wa feri walikuja baadaye, na bei yao ilikuwa ya msafiri.

Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend, ambaye ndiye aliyewaandika kwa kina, anaeleza kwamba wengi walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta riziki. Walianza kwa kusimama na kamera njiani, kisha wakajenga vibanda vya mbao. Nyuma ya mteja palichorwa ndege, meli au maghorofa. Pembeni maua ya plastiki na mapambo ya kumetameta. Behrend anatilia mkazo ndoto ya safari: mtu ambaye hajawahi kupanda ndege anasimama kando yake, koti limemkaa sawasawa. Sawa. Lakini picha ile ilikuwa pia barua kwa mama aliyeachwa kijijini: mwanao yu mzima, na viatu anavyo.

Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha ferini. Askari waliuawa, bunduki zikaporwa, vibanda vikateketezwa. Vijikaratasi vikawataka wabara warudi kwao. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakakimbia makwao. Vijana walikuwa wamelishwa viapo na kufunzwa katika misitu ya huku kwetu Kwale, ukiwemo wa Kaya Bombo. Ndiyo maana hadi leo watu husema "Kaya Bombo" wakimaanisha vita vile. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza ushahidi mwaka uliofuata, ikataja wanasiasa, na kesi kubwa hazikuonekana. Kwa hiyo Mdigo, mwenyeji wa huku, aliyepigwa picha mwaka 1996, ametabasamu mbele ya ndege ya rangi, alitabasamu mbele ya kamera ya mbara ambaye mwaka mmoja baadaye aliambiwa si mtu wa hapa. Picha haionyeshi hilo. Ni lazima mtu alieleze.

Baada ya hapo zikaja kamera za dijitali, kisha simu, na kazi ikaisha.

Chuo Kikuu cha Northwestern, jirani na Chicago, kimehifadhi zaidi ya picha 7,000 za kale za Afrika Mashariki, zilizokusanywa na Mwingereza Humphrey Winterton. Zetu zimo masandukuni, zikishikana kwa unyevu wa Pwani. Vijana wa Kombani siku hizi huzipiga upya kwa simu na kuzisambaza kwa jamaa, jambo jema, ila mara nyingi bila jina wala mwaka. Wazee wanaowajua waliomo wangali hai. Kaunti ya Kwale inaweza kuandika wanayoyajua sasa, kabla ya kutenga fedha za jengo lolote la makumbusho.