Kisu cha kukatia ngozi ya kupandikiza

Nomino; ngeli ya KI-VI. Wingi: visu vya kukatia ngozi ya kupandikiza.

Maana. Kisu cha mkononi ambacho daktari wa upasuaji hukitumia kukata kipande kipana na chembamba cha ngozi ya mgonjwa, aghalabu pajani, ili kipandikizwe penye jeraha la moto au kidonda kikubwa. Ubapa wake ni mrefu na umenyooka. Huendeshwa mbele na nyuma kama msumeno, huku msaidizi akiikaza ngozi.

Kipande hicho hubeba tabaka la juu lote na sehemu tu ya tabaka la ndani. Seli zinazosalia kwenye mashina ya vinyweleo na tezi za jasho ndizo zinazoliotesha tena tabaka la juu, hata pajani pakapona kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisu kikizama mno, mgonjwa huwa na majeraha mawili badala ya moja.

Aina. Visu vya awali havikuwa na kizuizi. Unene wa kipande ulitegemea mkono wa mkataji. Katika miaka ya 1930, Graham Humby wa Uingereza alitengeneza kisu chenye rola mbele ya makali, na nafasi iliyo kati ya rola na makali ndiyo inayopima unene. Kisu cha Watson ni maboresho ya kile cha Humby. Kisu cha Silver ni kidogo, hutumia wembe wa kunyolea, na hufaa kwa vipande vidogo. Vyote hutumika pasipo umeme. *Dematomu* ya umeme ni mashine, wala haifai kuitwa kisu.

Matumizi. Kitenzi *kuchuna* kiepukwe. Mnyama aliyechinjwa ndiye anayechunwa, na kwa binadamu neno hilo hutaja ukatili. Mgonjwa anayeombwa idhini aelezwe kwamba ngozi yake *itakatwa* au *itatolewa*. *Kuvuna ngozi* hueleweka miongoni mwa wataalamu, lakini kwa msomaji wa kawaida kuvuna ni kwa mazao.

*Kisu cha ngozi* pekee hakitoshi. Kwa kuwa *ngozi* ni ya mtu na ya mnyama pia, msomaji anaweza kudhani ni kisu cha fundi viatu. Maneno *ya kupandikiza* ndiyo yanayoondoa utata.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa neno *parafini*. Kabla ya kukata, ngozi na kisu hupakwa mafuta tasa ya kulainisha, mara nyingi parafini ya maji ya kitabibu. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wakiona *parafini* huelewa mafuta ya taa. Mfasiri wa mwongozo wa chumba cha upasuaji aandike *mafuta tasa ya parafini ya kitabibu*, asiliache neno peke yake.

Mifano.
*Kabla ya kukata, daktari alikagua nafasi ya rola ya kisu.*
*Tutakata ngozi nyembamba pajani mwako na kuipandikiza mkononi. Pajani patapona penyewe.*

Linganisha: *kijembe*, kisu kidogo cha kuchanjia, *wembe* (wingi: nyembe), *kupandikiza*, kuhamisha kitu kilicho hai ili kiote mahali pengine, kama mche wa mpunga.